Kusomea Uchumi Ukiwa Unguja au Pemba: Kutoka Kidato cha Sita Hadi Kazi ya Kwanza

Kila ikifika Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haina raha. Mara ni shangazi yangu wa Wete anamuulizia mwanawe, mara ni kijana nisiyemjua kapewa namba yangu barazani. Maswali ni yaleyale. Uchumi na uhasibu ni kitu kimoja? Hesabu siziwezi, nitafika? Kazi ipo hapa visiwani au mpaka nihamie Dar? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini salamu zikishakwisha: riba si haramu, sasa mtu anasomeaje uchumi?

Nimechoka kutuma sauti za dakika saba saba, kwa hiyo nimeandika. Mimi si profesa. Nimesomea uchumi, nikafanya kazi za mipango na takwimu, na nimewahi kukaa upande wa pili wa meza vijana wakija kuomba nafasi ya mazoezi. Hapo nimeona jambo moja likijirudia: anayekumbukwa ni yule aliyekuja na kitu alichokipima mwenyewe. Waliobaki wote wamekuja na vyeti, na vyeti vinafanana. Hatua nyingi hapa chini zinakupeleka huko.

Uwe na vitu hivi kabla hujaanza

- Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli na kitambulisho, na jina lako liwe limeandikwa namna moja kila mahali. Mohamed, Mohammed na Muhammed kwa mama yako ni mtoto mmoja. Kwa mfumo wa kompyuta ni watu watatu. Lirekebishe sasa hivi, usingoje dirisha la maombi lifunguliwe.
- Vitabu vya hesabu vya kidato cha tatu na cha nne. Vya kuazima vinatosha.
- Daftari lenye gamba gumu, na kalamu.
- Mizani ndogo ya mkono, ile ya ndoano. Utaona kazi yake hatua ya tano.
- Kompyuta unayoweza kuikalia angalau saa sita kwa wiki. Ya kaka, ya jirani, ya maktaba, yoyote.
- Kiingereza cha kusomea. Shahada ya uchumi inafundishwa kwa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, na mtihani hauna huruma. Kama unasoma ukurasa mmoja kwa nusu saa, anza kuvisoma hivyo vitabu sasa, ukurasa mmoja kila siku.

Hatua ya 1: Hakikisha ni uchumi unaoutaka

Mhasibu anaandika pesa ilikotoka na ilikokwenda. Mchumi anauliza kwa nini watu walifanya walivyofanya, na wangefanya nini lau bei, kodi au sheria ingebadilika.

Chukua karafuu. Mnunuzi ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na bei yake inatangazwa. Mhasibu atataka kuona stakabadhi za kituo cha kununulia. Mchumi ataanzia kwenye gunia linalopakiwa ngalawani usiku kupelekwa ng'ambo: ng'ambo bei ikoje, mtu akikamatwa anapoteza nini, na je, bei ya hapa ikipanda kidogo, magendo yatapungua kwa kiasi gani? Kisha atarudi shambani kupiga hesabu. Karafuu ikikauka hubaki kama theluthi ya uzito wake. Tuseme mchumaji analipwa shilingi 1,000 kwa kilo ya karafuu mbichi. Basi kila kilo kavu imeshakula shilingi 3,000 za kuchuma tu, hujagusa kuchambua makonyo, majamvi ya kuanikia, wala mtu wa kukimbia kuzianua mvua ikitanda. Ukiyajua hayo ndipo utaelewa kwa nini kuna msimu ambapo mwenye shamba anaziangalia karafuu zinakuwa mpeta mtini, yaani zinapea mpaka zinaharibika, hamwiti mtu.

Kama hadithi hiyo imekuchangamsha, endelea. Kama ulichokiona ni zile stakabadhi, nenda kasome uhasibu. Ni kazi nzuri, na tukisema kweli hapa visiwani huenda ukaajiriwa mapema kuliko mchumi.

Hatua ya 2: Itengeneze hesabu yako kabla chuo hakijafunguliwa

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wanadhani uchumi ni somo la maneno, maana wakimsikia waziri wa fedha Barazani anaongea kwa maneno. Muhula wa kwanza wanakutana na mteremko wa mstari uliopinda, wa pili wanakutana na uwezekano, na wa tatu wanahamia kozi nyengine.

Mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hesabu) ndio unaokuandaa vizuri zaidi. HGE (historia, jiografia na uchumi) inawezekana, lakini usiidharau ile BAM, hesabu ya msingi, uliyoichukua kwa shingo upande. ECA (uchumi, biashara na uhasibu) ina faida zake. Asikwambie mtu kwamba kujua kufunga hesabu za duka ndiko kujua kalkulasi.

Jipime kwa maswali matatu, bila kikokotoo kwa mawili ya mwanzo:

a) Mstari ni y = 3x + 4. X ikiongezeka kwa 2, y inaongezeka kwa ngapi?

b) Kitu cha shilingi 2,000 kimepanda hadi 2,500, kisha kikashuka kwa asilimia 25. Sasa ni bei gani?

c) Sensa ya 2012 iliwahesabu Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Idadi ilikua kwa asilimia ngapi kwa mwaka?

La kwanza jibu ni 6. La pili ni 1,875. Ukijibu 2,000 umesahau kuwa asilimia 25 ya mwisho inapigwa juu ya 2,500. La tatu ndilo linalowaangusha wengi. Miaka kumi imeongeza kama asilimia 45, mtu anagawa kwa kumi, anaandika 4.5. Hapana. Wanaozaliwa mwaka huu na wao watazaa. Ukuaji unapanda juu ya ukuaji, kwa hiyo unatafuta kipeuo cha kumi cha 1.45, unapata kama 1.038, yaani asilimia 3.8. Ukilielewa hilo umeshaelewa nusu ya somo la ukuaji wa uchumi.

Ukishindwa mawili kati ya matatu, usiogope. Kuna miezi kadhaa kati ya mtihani wa Mei na chuo kufunguliwa. Nusu saa kila siku baada ya sala ya alfajiri, kwa mpangilio huu: asilimia na uwiano, aljebra, grafu, logi, kisha mwanzo wa kalkulasi, mwisho uwezekano. Fanya maswali kwa mkono wako. Kumwangalia mtu kwenye video akikokotoa ni sawa na kumwangalia mtu akiogelea.

Hatua ya 3: Chagua chuo kwa kusoma mtaala

Watu huchagua chuo kwa jina, au kwa kuwa rafiki yupo. Fanya hivi: chukua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka wako, kipya, si cha kaka yako. Soma sifa za kuingilia za kozi moja moja. Alama za kidato cha sita zinageuzwa pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Jumlisha zako kwa ukweli, kisha angalia kama kozi inadai hesabu na kwa daraja gani.

Hapa nyumbani kuna SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambayo ilipoichukua iliyokuwa ZIFA, chuo cha mambo ya fedha, ilirithi kampasi ya Chwaka na masomo yake ya fedha, na kuna Zanzibar University pale Tunguu. Ng'ambo, yaani Bara, kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye Skuli yake ya Uchumi, Mzumbe, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), Chuo cha Mipango Dodoma, na kile cha takwimu cha EASTC ambacho vijana wetu wanakisahau ingawa wanaotoka huko hawahangaiki sana.

Jina la shahada lisikubabaishe. Tafuta orodha ya masomo ya miaka mitatu na uhesabu: takwimu zipo mara ngapi, ekonometria (kuyapima mambo ya uchumi kwa takwimu) ipo au haipo, kuna utafiti wa mwisho? Shahada yenye neno "uchumi" kwenye jina lakini haina ekonometria hata muhula mmoja itakutesa ukitaka kusoma zaidi.

Kuhusu kubaki au kuvuka: ukibaki unalala kwenu, unakula kwenu, na soko la kupima liko karibu. Ukivuka unakutana na wengi na unajifunza kuishi. Mimi nilivuka na sijuti, lakini nimewaona waliobaki wakafanya vizuri kuniliko.

Hatua ya 4: Mkopo

Hili nitalipita haraka kwa sababu masharti hubadilika. Bodi ziko mbili: HESLB ya Muungano na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Soma mwongozo wa zote kabla ya kujaza hata herufi moja. Cheti cha kuzaliwa cha Zanzibar huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na foleni yake haiishi wiki ya mwisho, kwa hiyo nenda wiki ya mwanzo.

Kosa la kawaida: kumwachia kijana wa stesheneri akujazie fomu. Anajaza watu arobaini kwa siku. Kaa naye, soma kila mstari kabla hajabonyeza.

Hatua ya 5: Anza daftari la soko, mwaka wa kwanza

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke. Hakuna mwalimu atakayekwambia uifanye, na haina maksi.

Chagua soko moja unaloweza kufika bila nauli kubwa. Darajani, Mwanakwerekwe, Chake, Wete, Konde, lolote. Chagua bidhaa nane ambazo kwenu zinaliwa kweli: mchele wa mapembe, unga wa ngano, sukari, mafuta ya kupikia, muhogo, nazi, vibua, nyanya. Chagua siku moja ya wiki na saa moja, usizibadilishe. Kila wiki andika tarehe, bidhaa, kipimo, bei, na kwa muuzaji gani (mpe namba, usiandike jina lake). Fanya hivyo kwa mwaka mzima.

Sasa nikuhadithie aibu yangu. Nilianza daftari langu nikiwa mwaka wa kwanza, likizo, kwenye soko la samaki. Fungu la vibua shilingi 3,000. Wiki iliyofuata 3,000. Ya tatu 3,000. Nikaandika kwa majivuno kwamba bei ya samaki ni tulivu. Mama yangu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba, akaliangalia daftari akaniuliza: "Umehesabu samaki?" Sikuwa nimehesabu. Wiki ya nne nikahesabu: tisa. Nikamuuliza muuzaji, akacheka, akaniambia mwanzo wa mwezi fungu lilikuwa la kumi na mbili, kusi limeanza kuvuma, vyombo vidogo haviendi mbali.

Piga hesabu. Samaki 12 kwa 3,000 ni shilingi 250 kila mmoja. Samaki 9 kwa 3,000 ni 333. Bei imepanda kwa theluthi, na mimi nimeandika tulivu. Wiki iliyofuata nilinunua mizani ya ndoano, maana hata kuhesabu vichwa hakutoshi. Kibua cha leo si sawa na cha jana. Tangu hapo kila fungu naliandika kwa kilo. Muhogo hivyohivyo, nyanya za kopo hivyohivyo: angalia chini ya kopo kama halikubonyezwa kwa ndani.

Ukishapata miezi mitatu, tengeneza kapu lako. Waulize nyumbani katika kila shilingi mia ya chakula ngapi zinakwenda wapi. Tuseme umepata vitu vitatu tu: mchele 40, samaki 35, mafuta 25. Mchele umepanda asilimia 5, samaki 20, mafuta hayakupanda. Ukichukua wastani wa kawaida utapata kama 8.3. Ukizipima kwa uzito wa kapu ni 2 + 7 + 0, yaani 9. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali inafanya kazi ya namna hiyohiyo kila mwezi, kwa bidhaa nyingi na kwa uangalifu zaidi, na ndipo unapopata tangazo la mfumko wa bei.

Tahadhari mbili za daftari. Kwanza, Ramadhani. Mwezi wa kiislamu unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, na bei za muhogo, viazi vikuu, ndizi na tambi zinaufuata. Ukilinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya miaka minne nyuma bila kuangalia Ramadhani ilikuwa wapi, utagundua "mabadiliko" ambayo ni mwandamo wa mwezi tu. Weka safu moja ya tarehe ya kiislamu kwenye jedwali lako. Pili, usijaze bei ya wiki uliyokosa kwa kukisia. Acha tupu, andika sababu. Pengo halimwaibishi mtu. Bei ya kubuni ikigundulika, daftari zima limekufa.

Hatua ya 6: Hamishia kwenye kompyuta

Anza na Excel. Jifunze kuingiza data, kupanga, kuchuja, kujumlisha kwa masharti, na kuchora grafu ambayo babu yako ataielewa. Ukishaizoea, chukua programu ya takwimu. Vyuo vingi hufundishia Stata, ambayo ni ya kulipia. R ni ya bure na inafanya kazi hizohizo. Usitumie nakala za wizi za Stata ulizopewa kwenye flashi, nyingi zina virusi na zitakula utafiti wako wiki ya kukabidhi.

Sheria nisiyoivunja: faili la mwanzo haliguswi. Nakili, fanyia kazi nakala. Na weka nakala nyengine nje ya kompyuta, maana umeme wetu unajulikana.

Hatua ya 7: Zisome takwimu za hapa, pamoja na maandishi madogo

Mchumi wa Zanzibar anayezijua takwimu za Marekani kuliko za kwao ni kama baharia anayeijua ramani ya bahari nyengine. Kaa na hizi: ripoti za sensa ya 2022, tafiti za mapato na matumizi ya kaya za 2004/05, 2009/10, 2014/15 na 2019/20, pato la taifa la Zanzibar, na hotuba ya bajeti inayosomwa Baraza la Wawakilishi kila Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha unaanza Julai mosi.

Mitego minne:

1. Pato la taifa la NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ni la Tanzania Bara. La Zanzibar linakokotolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu hapa. Mashirika ya nje yakiandika "Tanzania" kwenye jedwali, mara nyingi maelezo ya chini yanasema Bara pekee. Nimesoma tafiti za wanafunzi waliojenga sura nzima ya utalii wa Zanzibar juu ya namba ambazo Zanzibar haimo.

2. Mfumko wa bei ukishuka kutoka 6 hadi 4, bei hazijashuka. Zinaendelea kupanda, ila mwendo umepungua.

3. Kutoka asilimia 30 hadi 40 ni ongezeko la pointi 10, ambalo ni ongezeko la theluthi moja. Ukiandika "imeongezeka kwa asilimia 10" umekosea.

4. Umaskini wa Unguja na wa Pemba haufanani, na wa Mjini haufanani na wa Micheweni. Wastani wa Zanzibar nzima unaficha mengi. Tafuta jedwali la wilaya.

Hatua ya 8: Mazoezi ya vitendo

Omba mapema, kwa barua fupi, sehemu tatu au nne: Ofisi ya Mtakwimu Mkuu, Tume ya Mipango, Mamlaka ya Mapato, PBZ (Benki ya Watu wa Zanzibar), wizara yenye kitengo cha mipango, halmashauri ya kwenu. Kwenye barua sema unajua kufanya nini. "Naweza kuingiza na kusafisha data kwenye Excel, na nimekusanya bei za soko kwa miezi kumi" inasomwa. "Mimi ni mchapakazi na mwaminifu" kila mtu kaandika.

Huenda ukafika wakakupa kazi ya kutoa kopi na kuagiza chai. Mimi wiki tatu za mwanzo, katika ofisi nitakayoiacha bila jina, nilikuwa mtu wa kopi. Kabatini mlikuwa na mafaili ya miaka ya nyuma yaliyojaa namba, hayajawahi kuingia kwenye kompyuta. Nikaomba ruhusa niyaingize jioni. Wiki ya tano mkuu wa kitengo alikuja mwenyewe kuniuliza jedwali. Wewe pia tafuta kabati lako, lakini omba ruhusa kwa maandishi, na usitoke na data ya ofisi kwenye flashi yako. Hilo limewafukuzisha watu.

Hatua ya 9: Utafiti wa mwisho uwe mdogo na wa karibu

"Mchango wa utalii katika uchumi wa Tanzania" si mada, ni bahari. Punguza mpaka uweze kuipima kwa miguu yako.

Mwani, kwa mfano. Kilimo chake cha biashara kilianza 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Aina ya cottonii inalipa zaidi kuliko spinosum, lakini maji yakipata joto inakufa. Hapo kuna swali zuri la kiuchumi: mwanamke wa kijiji kimoja anaamuaje apande ipi, na anapoacha mwani kabisa anakwenda kufanya nini, kwa kipato gani?

Au pweza. Kuna vijiji, kama Kisiwa Panza kule Pemba, vinavyofunga eneo la miamba kwa miezi kadhaa pweza wakue, kisha vinafungua. Nani analinda? Anayeiba anafanywa nini? Faida anaipata nani siku ya kufungua, aliyelinda au aliyewahi? Elinor Ostrom alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata, kwa kuchunguza mambo ya namna hii hasa: jinsi watu wanavyojitungia kanuni za kutunza mali ya pamoja bila ya serikali wala tajiri kuimiliki. Nikimsoma huwa nawaona wazee wa dago, kambi ya wavuvi, wamekaa chini ya mkungu.

Au mchezo, ule wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu. Mama zetu wote wanacheza mchezo, wa wiki au wa mwezi. Nani anapokea mwanzo, nani mwisho, na aliyepokea mwanzo akitoroka?

Kabla ya kuuliza mtu swali hata moja, pata kibali cha utafiti kupitia chuo chako na upite kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Ukianza bila sheha, siku ya pili kijiji kizima kitasema umetumwa na watu wa kodi.

Hatua ya 10: Kutafuta kazi

Serikalini hapa nafasi hupitia Tume ya Utumishi; za taasisi za Muungano hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na tangazo la kawaida la anayeanza ni "Mchumi Daraja la II". Lakini usitafute neno "mchumi" peke yake. Tafuta Afisa Mipango, Mtakwimu, Afisa Ufuatiliaji na Tathmini, Afisa Mikopo, Afisa Utafiti.

Mlango wa serikali ni mwembamba na unaweza kungoja mwaka au zaidi. Usingojee kitandani. Kazi ninayowashauri vijana waichukue bila kuona haya ni ya udadisi: kwenda nyumba kwa nyumba na kishikwambi kukusanya data za tafiti. Malipo ni ya muda, jua ni kali, mbwa wapo. Ila mdadisi aliyeuliza kaya mia mbili "jana mmekula nini" anajua kitu ambacho mwenye shahada ya pili aliyekaa ofisini hakijui, na wasimamizi wa tafiti hukumbuka nani alirudisha fomu safi.

Kwenye wasifu wako, juu kabisa chini ya jina, andika mstari mmoja: nimekusanya nini, kwa muda gani, nimegundua nini. Nenda kwenye usaili na daftari lako mkononi.

Hatua ya 11: Shahada ya pili

Fanya kazi kwanza mwaka mmoja au miwili ukiweza. Kisha angalia mpango wa AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi yenye makao Nairobi iliyoanzishwa 1988, ambayo hushirikiana na vyuo vikuu vya Afrika kufundisha uchumi wa ngazi za juu. Hesabu yake ni nzito. Rudi hatua ya pili.

Mambo yakikwama

*Nimefeli hesabu muhula wa kwanza.* Usihame kozi wiki hiyohiyo. Chukua karatasi ya mtihani, angalia ulipoteza maksi wapi. Mara nyingi ni sehemu na aljebra za kidato cha pili, si kalkulasi yenyewe. Zirudie hizo, kisha rudia mtihani.

*Wazee wanasema nasomea riba.* Waambie kwa adabu kwamba daktari anasomea sumu. Halafu waoneshe kwamba murabaha, mudharaba na sukuki, njia za fedha zisizo na riba, pia ni uchumi, kwamba PBZ ina huduma za kibenki zinazofuata misingi ya Kiislamu, na kwamba wanaoelewa pande zote mbili, fikhi na hesabu, ni wachache. Kama jambo linakukera moyoni, muulize sheikh unayemwamini kuhusu kazi mahususi, usiulize kuhusu "uchumi" kwa ujumla.

*Sina kompyuta kabisa.* Endelea na daftari la karatasi. Data ikishakuwepo, saa za kompyuta zinapatikana. Mwenye kompyuta asiye na data ndiye aliyekwama.

*Msimamizi wangu hanijibu.* Mpelekee kurasa mbili, si arobaini, na maswali mawili yanayojibika kwa ndiyo au hapana. Nenda ofisini kwake asubuhi, si Ijumaa mchana.

*Namba zangu hazifanani na za serikali.* Nzuri sana. Soko lako ni moja, lao ni mengi. Kapu lako ni la nyumba yenu. Andika tofauti ni ngapi na unadhani inatoka wapi. Usizirekebishe zako zifanane.

*Muuza samaki hataki kunijibu, anadhani mimi ni afisa.* Umekwenda wakati wa mnada, na umesimama na kalamu. Nenda mnada ukishatulia, nunua fungu moja, liweke kwenye mizani mbele yake, mwambie ni kilo ngapi. Wiki ya pili yeye ndiye atakayekuuliza la jirani yake lina kilo ngapi.